Chunjua Shingoni mwa Felix

Kila jioni, masomo yalipokwisha, Nduta alipitia katika duka la kinyozi la baba yake. Lilikuwa chumba cha mabati kando ya barabara mtaani Kapsoya, lenye viti viwili na kioo kirefu kilichopasuka pembeni. Baba yake, Mungai, alisifiwa mtaa mzima kwa mkono wake mwepesi. Mama yake alikuwa Timboroa akilima viazi, kwa hivyo baba na binti ndio waliosaidiana.

Kazi ya Nduta ilikuwa kusafisha mashine za kunyolea. Alipaswa kufungua meno ya kila mashine, kutoa nywele kwa brashi, kuyaosha kwa sabuni, kisha kuyaloweka katika dawa ya kuua viini. Akiwa Gredi ya Tano aliifanya kazi hiyo kwa moyo. Alipoingia Gredi ya Sita, wasichana wa mtaa walianza kucheza kati, mchezo wa kukwepa mpira, katika uwanja ulio nyuma ya duka.

"Nduta, njoo! Timu yetu imepungua!" rafiki yake Ciru aliita kila mara, na miguu ya Nduta ikamwasha.

Siku moja alipangusa mashine kwa kitambaa tu, kisha akamwaga dawa mtaroni ili chupa ionekane imetumika. Baba yake alipouliza, akajibu, "Nimemaliza, Baba." Hakuna lililotokea. Kesho yake akafanya vivyo hivyo. Muda si muda, hata kile kitambaa alikiacha. Kumwaga dawa, hilo hakulisahau.

Muhula wa pili ulipoanza, mvulana wa darasa lake aliyeitwa Felix alikuja shuleni akiwa ameinua kola ya shati. Nyuma ya shingo yake, pale nywele zinapoishia, palikuwa pameota vinundu vigumu vya kukwaruza. Zilikuwa chunjua. Watoto wakambandika jina la Chura, kwani walisikia kwamba mtu akimshika chura huota chunjua. Nduta aliketi nyuma yake na kuviona vinundu hivyo kila siku. Darasa lilipomcheka, naye alicheka.

Kisha Felix akakosa kuja shuleni wiki nzima.

Jumamosi, duka likiwa limejaa wateja, wazazi wake waliingia naye. Baba yake alikuwa Mwalimu Wilson, aliyefundisha shule ya upili. Mama yake, Rael, alibandua bandeji shingoni mwa mtoto, na chini yake palikuwa na kidonda kibichi, chekundu.

"Ni mimi niliyemchoma," Mwalimu Wilson alisema kwa sauti ya chini. "Watu waliniambia maji ya betri huondoa chunjua. Nikampaka."

"Lakini zilitoka wapi?" Rael aliuliza. "Baba Nduta, Felix hanyolewi kwingine. Hizi mashine zinasafishwa kweli?"

Mungai alizima mashine. "Mama Felix, binti yangu huzisafisha kila jioni. Naapa mbele ya Mungu. Muulizeni mwenyewe."

Wote walimgeukia Nduta. Felix naye alimtazama.

"Nazisafisha," Nduta alisema. "Kila siku."

"Mmesikia?" Mungai alisema, uchungu umempanda. "Mtu anayempaka mtoto wake maji ya betri asije hapa kunifundisha usafi."

Wateja wakacheka. Mwalimu Wilson aliinamisha kichwa, akamshika mwanawe mkono, wakatoka.

Jioni ile Mungai aliamua kutia mashine mafuta. Alipofungua meno, alikuta nywele kuukuu zimeshikamana na uchafu mweusi, mkavu kama udongo. Akafungua ya pili, hali ikawa ileile.

"Nduta, hii ni nini?"

Machozi yalimtoka kabla ya maneno. Alisimulia yote, hata habari ya dawa na mtaro. Mungai hakumpiga. Aliketi kwenye kiti cha wateja, akajifuta uso.

"Nimeapa kwa jina la Mungu kwa sababu yako," alisema. "Nimemtukana mtu mbele ya watu, naye alikuja na haki yake. Chukua sweta yako, twende."

Mlangoni kwa Mwalimu Wilson, Nduta aliungama kwa sauti iliyokatika. Mungai naye akaomba radhi. Rael ndiye aliyejibu.

"Jumatatu tunaenda kliniki. Njooni msikie wenyewe."

Daktari Nakhumicha aliichunguza shingo ya Felix polepole. "Chunjua haziletwi na chura wala uchawi," alieleza. "Huletwa na virusi vinavyoingia penye mkwaruzo, hata mdogo usioonekana. Mashine chafu inaweza kuvitoa kwa mtu mmoja na kumpelekea mwingine."

"Ni mashine yetu iliyomwambukiza?" Nduta aliuliza.

"Sijui. Chunjua huweza kuchukua miezi kabla ya kujitokeza. Pengine alitumia taulo ya mwenzake. Hakuna atakayejua. Kama ungesafisha, baba yako angeweza kusema si yeye. Sasa hawezi."

Kisha akawageukia wazazi. "Nyingi hupotea zenyewe, ingawa huenda ikachukua mwaka au zaidi. Zikisumbua, ipo dawa ya kupaka inayomenya ngozi ngumu kidogo kidogo, au tunazigandisha hapa kwa baridi kali. Msizikate kwa wembe, wala asizichune, zitaenea. Na msimchome tena. Kwanza kidonda kipone."

Kidonda kilipona, na chunjua zilizobaki ziligandishwa hadi zikaisha. Lakini palipomwagwa maji ya betri pakabaki kovu la kung'aa lisiloota nywele. Nduta alimwomba Felix msamaha kwa kumcheka. "Sawa," Felix alisema, kisha akahamia dawati lingine.

Mungai aliwaeleza wateja ukweli, mmoja mmoja, kabla ya kuwafunga kitambaa shingoni. Baadhi waliinuka na kwenda zao. Siku hizi kiti cha pili hukaa kitupu hadi jioni, na Nduta huyasugua meno ya mashine huku baba yake akitazama.

"Baba, watarudi?" aliuliza jioni moja.

"Wachache. Mwalimu Wilson hatarudi, wala simlaumu." Mungai alichukua meno aliyoyaosha binti yake, akayainua kwenye mwanga. "Mtu akiketi hapa huinamisha kichwa. Haoni ninachofanya nyuma ya shingo yake. Amenikabidhi ngozi yake, nami nilikukabidhi wewe. Uchafu huoshwa kwa sabuni, mwanangu. Lakini ukishamdanganya anayekuamini, hata ukisema kweli atakuangalia mara mbili, kama ninavyokuangalia sasa."

Akamrudishia meno yale. "Yaoshe tena."