Mteremko wa Nanganga

Hajra alilishika koti mkono wake wa kushoto, mwanamume asiyemjua akalishika mkono wa kulia, na muuza mitumba wa sokoni Nachingwea akabaki anacheka katikati yao.

"Dada, hilo nimeliona mimi kwanza."

"Umeliona wapi? Mimi nimelichimbua chini kabisa ya rundo!"

Lilikuwa koti nene la buluu, zipu mpaka puani, la watu wa nchi za theluji. Hajra alikuwa fundi cherehani, kibanda chake kipo jirani na stendi, na alilipendea mishono. Mwanamume yule alikuwa mrefu, shati limenyooshwa pasi, raba nyeupe pee, jambo gumu kwa vumbi la Juni.

"Koti kama hili Nachingwea utalivaa wapi?" akauliza.

"Nikienda kuteleza."

Ikabidi amweleze. Rafiki yake Doreen, mwalimu wa shule ya msingi, aliwaonyesha video za Wazungu wakiteleza kwenye theluji, na tangu siku hiyo marafiki sita hawakuwa na jambo jingine la kuzungumza. Ulaya hawakuwa na ubavu wa kwenda, Kilimanjaro nako mbali. Basi walikuwa wanatafuta mahali pa karibu, waende sikukuu ya Sabasaba.

Mwanamume akaliachia koti. "Kwetu Nanganga kuna mteremko wa nyasi. Mwezi wa saba zikikauka, ukikalia kipande cha dumu unashuka kama mshale. Theluji hakuna, ila makalio yatauma vilevile."

Hajra akacheka kabla hajajizuia.

Aliitwa Malimi. Familia yake ilihama Kanda ya Ziwa na ng'ombe wao miaka sita iliyopita. Hajra alimwingiza kwenye kundi lao la WhatsApp awe mwenyeji wa safari, na haikupita wiki mazungumzo yao wawili yakahamia kwenye simu.

"Fundi wangu, umekula?"

"Nimekula. Wewe je?"

"Mimi nashiba sauti yako."

"Mwongo! Mbona nakusikia unatafuna?"

"Kiazi tu, mpenzi. Kiazi hakijazi moyo."

Hofu yao ilikuwa moja tu: moto. Kiangazi watu huchoma mashamba, na cheche moja ingetosha kuugeuza mteremko ule majivu.

"Nitaulinda," Malimi alisema. "Waambie wenzako wasiwe na wasiwasi."

Siku nne kabla ya Sabasaba, dereva waliyemkodi akashikwa na homa. Doreen, bila kumuuliza mtu, akamwingiza mwingine kwenye kundi na kuandika kwa furaha: "Dereva tumepata! Kaka yake Hajra, Swalehe!"

Mkasi ulimponyoka Hajra.

Mwaka jana ng'ombe waliingia kwenye ufuta wa baba yao kule Mtua, wakaacha mabua matupu. Walikuwa wa nani, hakuna aliyejua. Lakini Swalehe alisimama uani akaapa kwamba mfugaji hatakanyaga nyumbani kwao, wala yeyote atakayemleta. Na Malimi alikuwa na tabia ya kumwita "fundi wangu" mbele ya kundi zima, bila kificho. Dakika yoyote angeandika.

Hajra akamtoa Malimi kwenye kundi.

"Nitampigia sasa hivi nimweleze," alijiambia. Lakini akaingia bibi harusi mtarajiwa na kitambaa chake, na vipimo vyake, na maneno yake mengi. Ikapita saa nzima.

"Malimi, naomba nikueleze..."

"Umenitoa mwenyewe, au kidole kiliteleza?"

"Mwenyewe. Lakini kaka yangu..."

"Anayenionea aibu ni kaka yako, au ni wewe?"

"Kaka yangu..." Hajra akarudia. Malimi akalichukua hilo kuwa jibu.

"Haya, dada Hajra," akasema taratibu, na simu ikakatika.

Siku iliyofuata Hajra alimpigia mara tisa. Hakupokea. Siku ya pili simu yake haikupatikana kabisa. Hajra akashona mkono wa blauzi ndani nje, akafumua, akaushona vilevile. Doreen alipoona mwenyeji wao katolewa kwenye kundi, akauliza kama bado anawasubiri, Hajra alijibu, "Anatusubiri," akajichukia palepale. Mkesha wa Sabasaba, alasiri, Yasini, mmoja wa wale sita, akaandika kwenye kundi: "Nimepita Nanganga. Moshi kila upande. Kwani tunaenda kuteleza kwenye makaa?"

Hajra alitamani kuifuta safari, lakini angewaambia nini?

Asubuhi wakaondoka na gari aina ya Noah, pilau kwenye hotpoti, vipande sita vya madumu vikigongana nyuma. Hajra, dera la kijani na mtandio mweupe, alikaa mbele karibu na kaka yake. Swalehe alipiga mluzi njia nzima. Walipoingia maeneo ya Nanganga, mluzi ukakoma. Kulia kweusi, kushoto kweusi, visiki bado vinafuka.

"Hajra," Swalehe alisema, "ndiko ulikotuleta huku?"

Hakujibu. Gari likazunguka kona ya mwisho, na Doreen akapiga kelele.

Mteremko ulikuwa pale, wote, kuanzia kileleni mpaka chini, nyasi zinang'aa kama dhahabu katikati ya weusi ule. Kuuzunguka palikuwa na ukanda mpana wa udongo mtupu, umelimwa kwa jembe ili moto usivuke. Na chini alisimama Malimi, uso umejaa masizi, mkono mmoja wa shati umeungua.

"Nani yule?" Swalehe akauliza.

Hajra alifungua mlango, akateremka, akatembea mpaka alipo.

"Umeulinda," akasema.

"Niliwaahidi watu sita. Mmoja kunitoa si kosa la watano."

"Nisamehe, Malimi. Sikukuonea aibu. Niliogopa, na woga ukanifanya nikutupe."

Malimi alijifuta masizi, macho mekundu kwa moshi. "Siku tatu nilikuwa nalima na kukulaumu. Nimechoka vyote viwili."

Swalehe naye alikuwa ameteremka. Hajra akageuka, na wenzake wote wakimsikia, akasema, "Kaka, huyu anaitwa Malimi. Ni mfugaji, na ndiye ninayempenda. Nilimficha kwa kukuogopa wewe."

Swalehe akamtazama Malimi, akashusha macho kwenye viganja vyake vilivyochubuka kwa mpini.

"Ng'ombe wenu mwaka jana walikuwa wapi, sisi tukilia na ufuta wetu kule Mtua?"

"Hapahapa, kaka. Mtua sijafika."

"Kila mfugaji husema hivyo."

"Najua. Na mimi nalima mahindi, shamba likiliwa najua linavyouma. Niruhusu nije nimwambie baba haya kwa mdomo wangu. Nitakuja na mjomba."

"Baba atakataa. Na dini je, umeifikiria? Sisi ni Waislamu."

"Hilo nitalizungumza naye, nikiwa nimekaa au nikiwa nimesimama mlangoni."

Swalehe alitoa njiti ya kiberiti, akaikazia macho, akairudisha ndani bila kuiwasha. "Njooni Ijumaa, baada ya swala. Baba nitamwambia mimi kwamba kuna wageni. Zaidi ya hapo siahidi kitu." Akarudi kwenye gari kuteremsha pilau.

Malimi akamgeukia Hajra. "Na siku hiyo mlango ukifungwa?"

Ijumaa haikuwa mbali. Akilini Hajra alimwona baba yake na fimbo yake, akamwona mama akilia jikoni.

"Ukifungwa," akasema, "mimi nitakuwa nimeshatoka nje."

Akampa mkono, kaka yake akiwatazama, wakaanza kuupanda mteremko.