Betri ya Mama Godelive

Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, dereva Muyisa alizungusha ufunguo wa lori la Fuso katika depo ya viazi huko Kimemi, na gari halikutoa hata kikohozi. Sanduku la betri lilikuwa wazi, tena tupu.

Kufikia saa nne, mlinzi Siméon alikuwa tayari kwenye kasho, mahabusu ya polisi. Mama Godelive, mwenye gari na depo, hakutaka kusikia habari ya kununua betri nyingine.

"Mulinzi njo aliuzisha! Akae mule, atasema iko wapi."

Inspekta Kaswera aliandika, kisha akahesabu siku. Jumatano saa mbili asubuhi Siméon angepelekwa kwa mwendesha mashtaka. Mtu wa Masereka asiye na ndugu mjini, akifika kule, nani angemkumbuka?

Alikwenda depo. Betri ilikuwa kuukuu, ikivuja. Matone ya asidi yalikuwa yameacha madoa meupe kwenye sementi hadi mlango wa nyuma. Nje palikuwa na matope, na hapakuwa na alama ya gurudumu, hata la chukudu, kile kigari cha mbao cha kubebea mizigo. Akachukua koti la Siméon, akalikagua mabegani. Chakavu, ndiyo, lakini halikuchomwa na asidi popote.

Saa tisa alimkuta Kitsa, dereva aliyefukuzwa na Godelive mwezi uliopita.

"Uko na hasira na Mama Godelive?"

"Sana!" Kitsa alicheka bila haya. "Lakini ningeiba, ningebeba na chukudu yangu. Mi hapana punda, Mama inspecteur."

Kaswera aliondoka amekereka. Njaa ya Siméon, kisasi cha Kitsa: sababu alikuwa nazo tele, lakini sababu peke yake haibebi kilo thelathini.

Jumanne, saa sita mchana, alimkuta Siméon akila bugali na sombe, yaani kisamvu. Kashoni mtu hula anacholetewa na ndugu zake.

"Nani anakuleteaka chakula?"

"Mama Katungu, bibi ya Muyisa. Tangu jana. Na hatuko famille, Mama."

Kaswera alitoka mbio. Katungu alikuwa akivuka ua, kapu mgongoni, kamba yake ikipita kwenye paji la uso, kama wabebavyo akina mama wa Musienene. Chini ya kapu, kiunoni, kikwembe alichojifunga kilikuwa na vitundu vidogo vidogo. Mwenyewe hakuwa ameviona.

Saa nane wote walikuwa ofisini: Katungu, mumewe Muyisa, na Mama Godelive.

"Mwanaume angeweka betri ku bega," Kaswera alisema. "Weye uliibeba na kamba, Mama Katungu. Asidi ikakula kikwembe."

Katungu hakubisha. "Iko mu shimo ya mbolea, nyuma ya nyumba. Sikuiuzisha."

"Ni wivu!" Godelive alifoka.

"Wivu ya nini? Dada yangu Kanyere alienda Beni na convoy, magari ikisindikizwa na basoda, na waasi bakaishambulia mu njia. Balituletea kiatu yake moja tu. Nililia kwa Muyisa asiende. Akasema kazi ni kazi. Convoy ya kesho iko saa moja. Gari bila betri haiendake Beni."

"Na Siméon?" Kaswera aliuliza.

"Sikufikiri batafunga mutu. Kesho saa moja na nusu, convoy ikisha kupita, ningekuja kusema."

Siméon alifunguliwa papo hapo, na Godelive akapiga makofi.

"Bon! Muyisa, fukua betri. Kesho saa moja uko mu njia."

Katungu alimgeukia Kaswera. "Umetoa mumoja, Mama. Sasa unatuma mwengine."

Maneno hayo yalimchoma Kaswera. Siku mbili alikuwa akiitafuta sababu, na sasa alitamani isingekuwa hiyo. Akavuta karatasi.

"Betri na gari ni pièces à conviction, ushahidi ya kesi. Vinabakia chini ya polisi mpaka Ijumaa. Mama Katungu, siku ile utakuja kujibu."

"Ijumaa!" Godelive aliruka. "Sababu gani?"

"Procédure, Mama."

Akapiga muhuri kwa nguvu. Sababu yake mwenyewe hakuiandika.