Kibao cha Mlangoni kwa Kessler

Lalamiko la kwanza liliingia Jumanne saa kumi jioni, na lilikuwa la kelele, katika nyumba isiyokuwa na mtu.

Dovie Cutshaw alikuwa akikunja mashuka ya wageni waliokwisha kuondoka pale simu ya jikoni ilipolia. Bi Hensley wa ofisi ya kaunti hakusalimia. Alisema kuna mwanamke anaitaita kule juu kilimani, kwenye nyumba ya Kessler, na kwamba msimamizi wa karibu ana saa moja ya kufika, kama kanuni zinavyosema. Dovie akamwambia nyumba ni tupu, ameifunga mwenyewe saa tano asubuhi. Bi Hensley akasema muda unakwenda, akakata simu.

Msimamizi wa karibu ndiye yeye. Kanuni za nyumba za kupangisha kwa siku chache zilikuwa na kurasa kumi na nne, na ukurasa wa tisa ulitaka kila nyumba iwe na mtu anayeishi jirani, atakayeitika kila anapoitwa, na jina lake kamili libandikwe mlango wa mbele kwa herufi zinazosomeka kutoka barabarani. Basi kibao kikasema ORLENA MAE CUTSHAW, jina ambalo hakuna mtu bondeni aliyekuwa akilitumia. Tangu ananyonya alikuwa Dovie, na hata mchungaji alimwita Dovie. Bwana Kessler alikipigilia kibao hicho mwenyewe mwezi wa nne, kikiutazama msitu wa ng'ambo ya barabara.

Malalamiko matatu yasiyoitikiwa yalitosha kufuta kibali. Naye Kessler, mtu wa Florida aliyekwisha kuuchoka mlima, alikuwa anaiuza nyumba, na mnunuzi aliitaka yenye rekodi safi tu. Dovie alikuwa na sababu yake pia. Bondeni hapakuwa tena na nyumba ya kupanga kwa mwezi. Zote zilikuwa zimegeuzwa za wageni wa siku mbili, zenye beseni la maji moto uani na dubu wa mbao mlangoni. Binti yake Ruthie, mwenye miaka kumi na tisa, alikuwa ameanza kuulizia kazi na chumba mjini Knoxville, na zaidi ya Ruthie, Dovie hakuwa na mtu duniani. Kessler aliahidi kwamba kibali kikifika salama siku ya mauzo, kile kijumba cha chini walimokuwa wakiishi kitakatwa kwenye hati kiwe chao, mama na binti. Kwa ajili ya hilo Dovie angemwitikia yeyote.

Akapanda. Mlango ulikuwa umefungwa kama alivyouacha. Hakukuwa na gari wala mtu, na ndege walikuwa kimya. Uani palinuka kisima cha siku nyingi kilichofunuliwa, ingawa pale hapakuwa na kisima. Alikuwa akirudi kwenye pikapu yake aliposikia nyuma ya nyumba, miongoni mwa miti, sauti ya kike iliyonyooka kabisa, ya mtu anayesoma maandishi asiyoyajua maana.

"Orlena Mae."

Alidhani ni mke wa jirani yao, Dillard Rathbone, anamtania. "Abee," akaitika.

Hakuna aliyejibu. Alipofika chini koo lilikuwa likimwasha, akalilaumu vumbi la mashuka.

Huyo Dillard Rathbone ndiye aliyekuwa jirani wao wa pekee, mzee aliyewachukia wageni wa mlimani na kumchukia Dovie zaidi kwa kuwatandikia vitanda. Watu walimwendea kwa siri walipoungua, kwa kuwa alikuwa na maneno ya kuutoa moto mwilini, lakini hadharani walimcheka. Kila jioni alipomtaka mkewe arudi kutoka bustanini aligonga kwa nyundo ulimi wa chuma wa plau uliotundikwa barazani, na wageni wakamshtaki kaunti mara mbili kwa makelele. Ruthie aliuita ule mlio kengele ya wehu. Dovie alicheka naye. Mama yake mwenyewe aliwaita watoto kwa kugonga mfuniko wa sufuria, hakuita jina nje ya nyumba hata siku moja, na Dovie aliiacha tabia hiyo alipojifungua, kwa aibu, asije mtoto akaonekana wa kishamba shuleni.

Jioni ile alipopita kwa Dillard, mzee alikuwa amesimama kwenye uzio.

"Wanakuita siku hizi na wewe unapanda," alisema. "Hata mbwa wangu huwa anafikiria kwanza."

"Mjomba Dillard, kama ni wewe unayepiga simu kaunti, sema nijue."

"Sina haja ya simu. Nikitaka kukutukana nakutukania hapahapa."

Lalamiko la pili lilikuja Jumamosi adhuhuri. Safari hii nyumba ilikuwa na wageni, mke na mume wa Atlanta. Mwanamke alimfungulia Dovie akiwa amejifunika blanketi mabegani, na jua lilikuwa kali.

"Ulikuwa hapa asubuhi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hapana, dada. Ndiyo nafika."

"Kuna mtu baraza ya nyuma. Mume wangu kaenda kuangalia mara tatu, hakuna mtu. Anaita jina la kibaoni." Akarudi hatua moja. "Samahani kukuambia hivi. Lakini sauti ni yako."

Dovie alipita chumba kwa chumba mpaka baraza ya nyuma. Harufu ya kisima ilikuwa pale, nzito, na mbao za sakafu zilikuwa zimelowa. Msituni, karibu kuliko mara ya kwanza, sauti ikaita. Haikuwa tena ikisoma. Ilijua kulivuta jina na kuliinua mwishoni, vilevile kama anavyofanya yeye akimwita Ruthie aje kula. Na kwa kuwa wageni walikuwa nyuma yake wakimtazama kama mtu anayelipwa kuimaliza shida hii, aliitika, akasema nipo, nakuja. Neno la mwisho lilitoka bila sauti.

Kufikia mwisho wa mwezi malalamiko yalikuwa sita na yote ameyaitikia. Kanisani alishika kitabu cha nyimbo akachezesha midomo tu. Ruthie alimchemshia asali na ndimu, akamwambia aende hospitali, na Dovie akamwambia kwa mnong'ono kwamba ni mafua. Kisha akaenda kaunti kumjua mlalamikaji.

Bi Hensley, aliyesoma naye darasa moja na hakuwahi kumpenda, alimtazama juu ya miwani.

"Unanichezea, Dovie?"

"Nataka jina la mtu anayelalamika. Ni haki yangu."

"Ni wewe." Aligeuza kompyuta ili Dovie aione. "Mara zote sita. Unapiga, unajitaja kwa jina kamili, unasema kuna mwanamke anaita. Halafu mimi nakupigia wewe hukohuko, unajifanya hujui. Hata sasa najiuliza mbona leo umekauka sauti, maana asubuhi ulikuwa unaongea vizuri sana."

Dovie aliendesha gari moja kwa moja mpaka kwa Dillard. Alimweleza yote kwa mnong'ono. Mzee hakumtania. Alimwondoa mkewe barazani, akafunga mlango, na hata yeye akashusha sauti.

"Mama yako hakukwambia?"

"Aliniambia nisiite jina nje. Sikuuliza kwa nini."

"Kile kilima kina mwenyewe, na mwenyewe hana sauti wala jina. Lazima apewe. Ndiyo maana tunagonga vyuma. Miaka mia na zaidi hakuna mtu aliyempa, halafu nyie mkamwandikia kwa herufi kubwa, mkamgeuzia kibao. Kila ukiitika anachukua kipande."

"Akimaliza?"

"Akimaliza wewe humfai tena. Sauti anaitaka aitie wengine. Anaanza na wale ambao wakiisikia hawaulizi."

Walipanda pamoja adhuhuri ileile. Dillard aling'oa kibao kwa mtaimbo huku akitamka maneno yake ya kutoa moto, neno moja kwa kila msumari, na kutoka msituni kukaja upepo baridi wenye ile harufu, ukatikisa madirisha yote kwa pamoja. Akakipeleka kijitoni, akakizamisha chini ya jiwe, maandishi yakitazama chini. Akamwambia Dovie asiitike wala kutamka neno kwa siku saba, kwa kuwa sauti iliyombakia ni uzi tu, na uzi huo ukikaa salama zile siku saba, nyingine itarudi.

Dovie alifanya kosa moja, nalo lilikuwa lilelile la zamani. Ruthie alipouliza, alimwandikia kwenye karatasi: *Daktari amesema nipumzishe koo.* Aliona haya kumwandikia binti yake wa siku hizi habari za mwenye kilima na vyuma.

Siku nne zikapita. Siku ya tano simu ya jikoni ililia, akaipokea asikilize tu, na Bi Hensley akasoma kwa ule ukavu wake wa ofisini, "Orlena Mae Cutshaw?" Na Dovie, aliyefundishwa tangu utotoni kwamba mtu akiitwa huitika, alisema abee kabla hajajizuia. Simu ikakatika. Kisha matundu ya mkono wa simu yakatoa harufu ya kisima. Aliurudisha mahali pake, akakaa sakafuni, akajaribu kulia, akagundua kwamba hata kilio hakina sauti.

Siku ya sita alishinda bustanini nyuma ya nyumba akichimba viazi, asiwe karibu na simu. Ukungu ulishuka kutoka kilimani mapema, ukafunika barabara mpaka kwenye sanduku la barua. Alipoingia ndani, taa ya mashine ya kurekodia simu ilikuwa ikimeta. Akabonyeza.

"Mama, ni mimi," sauti ya Ruthie ilisema, na nyuma yake zilisikika kelele za ofisi. "Usihangaike kupokea. Kessler alipiga jana, alikuwa anafoka, eti kibao kimeng'olewa na mnunuzi anakuja kesho, na bila jina mlangoni hakuna kibali wala kijumba. Nikasema mama anaumwa, andika langu. Nimetoka kupigilia kipya mchana, sasa nimepita hapa kaunti kusaini. Ivalee Ruth Cutshaw, herufi kubwa. Siendi Knoxville, mama. Nyumba ni yetu. Nakuja kukuonyesha karatasi."

Dovie alikuwa bado ameinamia mashine aliposikia mlango wa gari ukifungwa kule chini, penye sanduku la barua, mahali Ruthie alipozoea kusimama kuchukua barua. Akanyakua kalamu, akaandika USIITIKE, kalamu ikakwaruza bila wino, akaitupa, akakimbilia mlangoni, na kabla hajaushika ule mlango ikaita kutoka juu, ndani ya ukungu, kwa sauti yake mwenyewe ya mwaka jana, ile nzima, yenye joto na uvivu kidogo, iliyomwimbia Ruthie usingizi na kumkemea na kumwombea, "Ivalee Ruth, njoo, mwanangu," na kutoka barabarani binti yake akacheka kwa furaha.

"Mama! Umepona?"

Dovie alifungua kinywa kadiri kilivyoweza kufunguka na hakikutoka kitu, hata pumzi haikukwaruza. Alirudi jikoni akakamata sufuria na mfuniko, akatoka nje akigonga, akiingia kwenye ukungu akigonga kama mama yake alivyogonga, kama mama wote wa bonde lile walivyogonga kabla yake, mlio ambao mtoto yeyote aliyelelewa vizuri angeujua maana yake, rudi nyumbani, rudi sasa hivi, usigeuke, na yeye peke yake ndiye hakumfundisha wake. Kutoka mbele, tayari mbali kidogo, hatua zilikuwa zikipanda kwenye kokoto.

"Mjomba Dillard, acha fujo zako," Ruthie alisema bila kusimama. "Simsikii mama. Abee, mama. Nakuja."

Dovie alikimbia. Aligonga mpaka kishikio cha mfuniko kikang'oka, kisha akagonga kwa jiwe. Kila alipofika palipotoka sauti, ilikuwa imesogea juu zaidi, na kila mara binti yake aliitika, na kila mwitiko ulikuwa mdogo kuliko uliotangulia.

Katika daftari la kaunti, lalamiko la saba limeandikwa kwa mkono wa Bi Hensley, saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni. Kelele. Mwanamke anapiga sufuria barabarani, chini ya nyumba ya Kessler. Msimamizi mpya wa karibu, Ivalee Ruth Cutshaw, amepigiwa simu, akapokea kwa mlio wa kwanza. Amesema hakuna haja ya kumtuma mtu. Ameshafika, yuko na mama yake.