Mume Aliyetangulia Ndege

Mume wa fundi cherehani alipiga simu saa nne asubuhi, kutoka jiji la mbali alikokuwa mpishi wa hospitali kwa mwaka wa nne sasa.

"Mke wangu, ndiyo natoka kwenda uwanjani. Kilomita elfu tisa, saa kumi na mbili angani. Kesho utanichoka."

"Nikuchoke? Wewe njoo tu."

Saa saba mchana mlango wa uani ukafunguka, akaingia mumewe.

Mwanamke alitupa mkasi, akamrukia shingoni kabla akili haijapiga hesabu. Shati lake lilikuwa baridi kama ukuta wa kisima. Sanduku alilolitua sakafuni halikutoa mlio.

"Umefikaje?"

"Hamu ilinizidi," alijibu, akapita kwenda jikoni. Nyuma yake ikabaki harufu ya kitambaa kilichounguzwa na pasi, na pasi siku hiyo haikuwa imewashwa.

Simu ikaita tena. Alikuwa mfanyakazi mwenza wa mumewe.

"Shemeji, kaa chini kwanza. Gari lililokuwa likimpeleka limepinduka. Hakufika uwanjani. Ametutoka."

Aliyasikiliza hayo amesimama kwenye korido, simu imemganda sikioni, huku kutoka jikoni sauti ya mumewe ikimwita kwa lile jina la chumbani ambalo hakulijua mwingine duniani, ikimwita taratibu, kisha kwa kubembeleza, kisha kutoka jikoni na chumbani na nyuma ya kisogo chake kwa pamoja, na ile harufu ya kuungua ikazidi mpaka machozi yakamchuruzika asijue ni moshi au ni kilio.

"Usiitike," alinong'ona mama mkwe wake, aliyekuwa akiishi naye, akimshika mkono kwa nguvu. "Yule si mwanangu. Mwanangu nilimzaa mimi, namjua."

Alasiri akaletwa mzee msomaji wa dua. Alisoma mpaka koo likamkauka. Kile kitu kilikaa kitini, kikilia kama alivyokuwa akilia mumewe, bila sauti, mabega tu.

"Jini hili limeingia kwa hamu yako, binti yangu," mzee alisema. "Litatoka kwa ulimi wako. Liambie mumeo amekufa."

"Nikisema hivyo, nitakuwa nimemzika kabla hajafika."

Mzee alimsogeza mbele ya kile kiti.

Mwanamke akasema. Ilibidi aseme mara mbili, maana mara ya kwanza sauti haikutoka.

"Hata wewe?" kikamuuliza, kwa sauti ileile, na kiti kikabaki kitupu.

Jeneza lilifika siku ya tano. Saa kumi na mbili angani, kama alivyosema mwenyewe.

Wiki tatu baada ya maziko, mjane alirudi na vitambaa vya mteja, akasikia mwanamume akicheka chumbani kwa mama mkwe.

"Punguza sauti, mwanangu," mama mkwe alikuwa akinong'ona. "Mkeo asije akasikia, akakufukuza tena."

Nyumba ya mzee wa dua haikuwa mbali, ni kuvuka barabara tu. Mjane aliweka vitambaa chini, akaketi sakafuni, akaegemeza sikio mlangoni.