Mwanajeshi wa Adhuhuri

Bendeji ilikuwa imefunguliwa tena. Mwanatatu aliifunga kwenye paja la mgonjwa saa mbili asubuhi, kwa mikono yake mwenyewe. Saa sita mchana akaikuta juu ya meza ya dawa, imekunjwa vizuri, haina hata tone la damu. Mgonjwa mwenyewe hakuweza kuifungua. Mkono wake mmoja ulikuwa na pingu kwenye chuma cha kitanda, wa pili umo ndani ya plasta hadi begani.

"Nani aliyeingia humu?" alimwuliza Oduor, askari wa zamu mlangoni.

"Hakuna mtu, sista. Tangu asubuhi sijatoka hapa. Hata chooni sijaenda."

Kilikuwa chumba cha pembeni katika hospitali ndogo ya Likoni, na mtaa mzima ulijua aliyelazwa humo. Jafar, kijana wa Mtopanga, alivuka mpaka akajiunga na maadui, akakamatwa msituni akiwa na risasi pajani. Serikali ilimtaka hai, afikishwe mahakamani. Watu walimtaka maiti. Na kwenye mpaka huohuo, miezi minane nyuma, Hashim, mwanajeshi, mdogo wake Mwanatatu, aliletwa nyumbani ndani ya jeneza ambalo hawakuruhusiwa kulifungua.

"Wamuuguza muuaji wa mwanangu," mama alimwambia siku alipopata habari.

"Mama, mimi ni muuguzi. Sichagui wa kumtibu."

"Basi yuko atakayekuchagulia," mama akajibu. Akajitanda buibui, akatoka, na hakusema aendako. Tangu siku hiyo hawakuzungumza.

Mwanatatu akalisafisha jeraha upya. Jafar akamshika kwa ncha za vidole vilivyotokeza kwenye plasta.

"Sista, kesho usiniache peke yangu," akanong'ona. "Yuaja kila adhuhuri."

"Nani?"

"Mwanajeshi. Hanitazami mimi. Afungua bendeji huku aita jina lako."

Kesho yake Mwanatatu alikaa. Adhana ilipokwisha, feni ikasimama ilhali taa zilikuwa zawaka, na chumba kikajaa harufu ya udi, udi mzuri wa harusini, lakini chini yake palikuwa na harufu nyingine, ya udongo uliofukuliwa sasa hivi. Akasikia buti zikitembea, si ukumbini wala nje, bali ndani ya ukuta, polepole, kama mtu atafutaye mlango mahali pasipo mlango, zikazunguka chumba chote mpaka nyuma ya kichwa chake, zikatua, na alipogeuka alimwona Hashim amesimama miguuni pa kitanda, na magwanda yake, na kovu lake la utotoni kidevuni, na udongo umemjaa kwenye nyusi, na papo hapo bendeji ikaanza kujifungua yenyewe, mzunguko baada ya mzunguko, taratibu, kwa upole kama wa mama amvuaye mtoto nguo, hata jeraha likaachama na damu ikaruka.

Mwanatatu akalikandamiza kwa viganja vyote viwili.

"Da-dada," Hashim akasema, na kigugumizi kilikuwa chake hasa. "Toa mkono. Sikuombi zaidi ya hilo."

Wallahi, akautoa.

Damu ikachuruzika hadi sakafuni. Alisimama akaitazama, na moyoni mwake, jambo ambalo hakupata kumwambia mtu kwa muda mrefu, alihisi raha. Kisha Jafar, midomo imekuwa ya kijivu, akasema kwa sauti ndogo mno, "Sista... maji."

Neno hilo alilisikia kila siku ya kazi kwa miaka kumi na miwili. Mikono yake ikarudi jerahani kabla hajaamua.

"Hata ukiwa Hashim kweli," akasema, "huyu ni mgonjwa wangu. Nenda!"

Uso wa Hashim ukatabasamu, na tabasamu likazidi kupanuka hata likapita mahali uso unapoishia.

"Sikutumwa kwako," likasema, na sauti haikuwa tena ya mtu yeyote. "Lakini mikono mitupu sirudi."

Feni ikazunguka. Oduor akaingia mbio, akaona damu, akapiga kelele kumwita daktari. Baadaye, damu ilipokwisha kuzuiwa, Oduor, ingawa hakuwa Mwislamu, alikwenda mwenyewe msikitini kumleta Maalim Luqman.

"Shikamoo, maalim."

"Marahaba, binti yangu."

Akasoma, akapulizia maji, akayanyunyiza pembe zote nne. Kisha akatikisa kichwa.

"Limetoka, na si mimi niliyelitoa. Hili ni jini la kutumwa. Likishindwa, hurudi kwa aliyelituma. Wamjua?"

Mwanatatu alikuwa amekwisha kutoka, glavu zingali mikononi.

Alimkuta mama sebuleni, ameketi mkekani mbele ya sinia la wali, acheka. Miezi minane hakucheka.

"Njoo, mwanangu, njoo! Nimekusamehe yote. Ndugu yako karudi. Asema haniachi tena, tutakuwa naye mpaka nife."

Akafinyanga tonge, akalinyosha upande wa pili wa sinia, pasipokuwa na mtu, akaliachia. Tonge halikuanguka.

Mkono wa mama ulirudi na ncha za vidole zikivuja damu. Hakuutazama. Akauchovya tena kwenye wali, akafinyanga tonge la pili.