Gari Linalosubiri Mtu

Gari lilianza kusita wiki ileile liliponunuliwa. Mkunga aliliwasha uani, akatia gia, akakanyaga mafuta, nalo likatulia tuli kama halikumsikia. Kisha likashtuka na kuondoka.

"Ndiyo magari ya kisasa hayo," alisema mumewe, fundi wa gereji. "Zamani kanyagio lilivuta waya. Siku hizi mguu wako unaomba tu, kompyuta ndiyo inayoamua."

"Basi iambie iamue upesi. Wanawake wangu wenye uchungu hawana subira."

Walicheka, lakini lipo jambo ambalo mkunga hakumwambia. Kila gari liliposita, kiti cha nyuma kililia kidogo, kama kinavyolia mtu akikikalia, na harufu ya nywele zilizoungua ikamjia puani. Akigeuka, haoni mtu.

Fundi alilipima kwa mashine yake, isionyeshe hitilafu yoyote. Hata hivyo akasafisha njia ya hewa ya injini, akabadilisha oili ya giaboksi, akalizungusha mtaani. Likawa jepesi, ukiligusa linaruka.

"Kazi imekwisha, mke wangu," akasema, akimrushia ufunguo.

Kesho yake mchana simu ya kituo cha afya ilimkuta mkunga nyumbani: kuna mama amefika, mtoto ametanguliza miguu, daktari hayupo. Akatoka mbio. Gari halikusita hata chembe. Alikuwa anapita kando ya ukuta wa kiwanda aliposikia nyuma yake miguu mitupu ikipiga lami, pa, pa, pa. Akatazama kwenye kioo. Barabara ilikuwa tupu, na miguu inakaribia.

Injini ikapoteza nguvu. Gari likajivuta hadi ukutani, likasimama, milango yote ikajifunga kwa mkupuo mmoja.

Akakanyaga mafuta mpaka chini, injini ikanguruma bila gari kusogea, akabonyeza vioo visishuke, akapiga honi isilie, na mpita njia mmoja alipokuja akasimama pale pale dirishani, mkunga akapiga kioo kwa viganja vyote viwili na kupiga mayowe hadi koo likakwaruza, lakini yule bwana aliinama tu, akajitazama kwenye kioo hicho kana kwamba ndani hamna kitu, akaweka sawa kola ya shati lake, akaenda zake.

Kiti cha nyuma kikalia. Pumzi ya moto ikamgusa kisogoni.

"Mbona leo hukunisubiri?" Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya chini, ya mtu aliyechoka kukimbia.

"Sikujua, dada," mkunga alinong'ona. "Nifungulie, nakuomba. Kuna mama atanifia."

"Nikifungua, utanisubiri?"

Simu ilikuwa ikitetemeka mkobani, inakatika, inaanza tena.

"Nitakusubiri."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Milango ikafunguka.

Mtoto alizaliwa salama. Jioni mkunga alimsimulia mumewe jikoni, akiwa ameupa mlango mgongo.

"Tuliuze," fundi alisema.

"Tumtwike nani mzigo huu?"

Wakamwita mganga mmoja mwenye sifa ya kutoa majini. Mganga alilizunguka gari, akafungua mlango wa nyuma, akaufunga polepole, kisha akaomba maji anawe mikono.

"Angekuwa amevamia, ningemtoa," alimwambia mkunga bila kumtazama usoni. "Huyu umemkaribisha kwa kinywa chako mwenyewe."

Tangu hapo, kila asubuhi mkunga hufungua mlango wa nyuma, husimama kando mpaka asikie kiti kikilia, ndipo hufunga. Siku moja alijaribu kwenda kazini kwa miguu. Geti la uani likakataa kufunguka, na fundi akalipiga nyundo mpaka viganja vikatoka damu. Sasa fundi humtazama mkewe kutoka dirishani.

Leo asubuhi kiti kililia kama kawaida. Mkunga akasukuma mlango aufunge. Ukazuiwa kutoka ndani, kwa nguvu, kama kwa goti.

"Ngoja kidogo," ile sauti ikasema, kwa upole ambao mkunga hakuwahi kuusikia. "Mwanangu anakuja."

Mkunga akatazama getini. Hapakuwa na mtu. Kisha akasikia vijiguu vyepesi vikikimbia, na havikutoka barabarani: vilitoka chumbani kwake, katika nyumba isiyo na mtoto, vikapita sebuleni, vikashuka ngazi kuja uani.