Udongo Kwenye Kikapu cha Uyoga

Kila asubuhi kabla ya shule, Alida aliingia kwenye kibanda chenye giza nyuma ya nyumba ya shangazi yake Godelieve, mjini Baraka, mashariki mwa Kongo, akanyunyizia maji mifuko ya majani makavu inayootesha uyoga. Kila asubuhi pia, jirani yao Marie-Goreth, mkimbizi kutoka Burundi ambaye naye alilima uyoga, alisimama uani kwake akikodolea macho pipa lao la kuchemshia majani hayo kabla ya kuyatia mifukoni. Alida hakumpenda. Mtu gani huyo, maneno machache, macho mengi?

Juma lile mifuko ilishika ukungu wa kijani, na uyoga ulitoka mdogo kama vifungo vya shati. Balaa gani! Jumamosi serikali ilikuwa inakuja kuwatambua rasmi wakulima wa uyoga wa eneo lao la Fizi, na Godelieve ndiye aliyekuwa rais wa chama chao.

Lakini Jumamosi asubuhi kikapu cha Godelieve kilikuwa kimejaa pomoni, kimefunikwa majani ya mgomba.

“Tantine, yote hii imetoka wapi?” Alida alimwuliza shangazi yake.

“Mungu anatoaka. Vaa, twende.”

Viatu vya shangazi vilikuwa mlangoni, vimejaa tope jekundu. Alida aliviruka, akaenda zake.

Kwenye uwanja wa sherehe vikapu vilipangwa mezani. Pembeni sufuria ilikuwa ikichemka, maana wageni wangeonja. Mara Alida akamwona Marie-Goreth ametia mkono kwenye kikapu chao. Damu ikamchemka.

“We mama, unatafuta nini mu kitunga yetu?”

Marie-Goreth alitoa uyoga mmoja, akaugeuza. “Angalia muguu yake, mwanangu. Buyoga ya mu mufuko inatokaka na majani. Hii iko na udongo. Ni ya pori, na mi siijui.”

“Ni we umeiweka! Uko na wivu!”

Marie-Goreth akamsogezea ule uyoga. Alida akautazama ule udongo. Ulikuwa mwekundu. Akakumbuka viatu vya mlangoni, na hofu ikamshika.

Mpishi alikuwa ameanza kunyanyua kikapu. Alida alikimbia hadi kwenye viti vya mbele, akamnong’oneza shangazi yake.

“Nyamaza, bageni banaangalia,” Godelieve alisema. “Hata zamani tulikulaka ya pori.”

“Ile mulikuwa munaijua. Na hii, Tantine, unaijua?”

Godelieve aliitazama sufuria. Akainuka, akamwomba mjumbe wa serikali kipaza sauti.

“Kitunga yangu isipikwe! Buyoga yangu iliharibika, nikaokota ya pori juu ya kuogopa haya.”

Kikapu kikamwagwa shimoni. Mjumbe alipotoa cheti, Godelieve hakunyoosha mkono. Aliomba Marie-Goreth akipokee kwa niaba ya wote.

Baadaye Alida alimfuata Marie-Goreth, macho chini. “Mama, unisamehe. Nilikushuku bure.”

“Asiombe peke yake,” alisema Godelieve. “Mdhaniwa ndiye, kumbe siye. Mutoto alikushuku we, na mi njo nilitaka kulisha bantu kitu sikijui, juu ya sifa. Alida, shika hii: heri kitunga tupu kuliko kitunga ya uongo.”

Marie-Goreth akacheka, mara ya kwanza Alida kumwona akicheka. “Basi kesho nitakuja tuchemshe majani pamoja. Munaondoaka pipa ku moto mbio sana, njo maana ukungu inaingia. Siku zote niko naangalia, naogopa kuwaambia. Mungesema mukimbizi anajidai.”

Alida alijua kwamba ndivyo hasa angesema.